Orodha Isiyo na Hesabu

Kwapu, kwapu, kwapu. Kabla hakujapambazuka, Gathoni aliisikia sauti hiyo ikitoka chumbani kuelekea jikoni. Zilikuwa akala, zile ndara za tairi, zikigonga sakafu ya udongo, na mwenye kuzivaa alizivaa mikononi. Kabura, mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, hakuwahi kutembea tangu homa ilipomkausha miguu akiwa mchanga. Alijivuta kwa viganja, na kila asubuhi yeye ndiye aliyefukua makaa, akapuliza moto, akabandika sufuria ya uji ili bibi yake asiamkie baridi. Gathoni alikuwa macho zamani. Alijilaza tu, amwachie mtoto raha ya kumtangulia.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa kumi na tatu wa uhuru, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko milimani juu ya Nyeri. Hawajamaliza uji, wakabisha wageni wawili, suruali zimejaa matope hadi magotini. Gari lilikuwa limekwama chini darajani. Mmoja alikuwa mwalimu Barnabas, mtu wa Maragoli aliyefundisha shule ya msingi ya pale kijijini. Wa pili alikuwa Mbunge wao, Kingori wa Ngendo.

Gathoni alimjua tangu utotoni. Mama yake, Ngendo, alikuwa kiziwi, na mtoto huyu ndiye aliyekuwa masikio yake sokoni, akimwonyesha bei kwa vidole. Labda ndiyo sababu, tangu achaguliwe, hakuchoka kuwasemea walemavu Bungeni. Gathoni akamtazama tumbo.

"Wanakulisha huko Nairobi, wa Ngendo."

"Wananilisha maneno, Cucu," akajibu akiketi, akimwita bibi kama alivyomwita zamani. "Juzi nimelishwa mpaka nikashiba."

Akaeleza. Alikuwa ameomba darasa la bweni mjini Nyeri kwa watoto walemavu, lenye walimu wake, na milango ambayo mtoto ataingia bila kubebwa. Serikali ilitaka kwanza kujua watoto hao ni wangapi, na fomu zikapelekwa katika kila kata. Aliposimama Bungeni kuuliza darasa litafunguliwa lini, alijibiwa kutoka kwenye faili kwamba katika kata hii watoto walemavu hawapo. Ati Mheshimiwa anamwombea nani shule? Bunge zima likacheka.

Barnabas alikuwa anatazama mikono yake. Yeye ndiye aliyezunguka na fomu, na Gathoni aliikumbuka vizuri siku ile. Mwalimu alivua kofia mlangoni, akanywa chai, akampa Kabura, aliyeketi pembeni mwa moto miguu ikiwa chini ya shuka, kipande cha penseli ya buluu bila kuombwa. Kisha akauliza, nyumba hii ina watoto walemavu wangapi. Gathoni akamjibu kwamba watoto ni wa Mungu. Barnabas alipita mlango hadi mlango, na kila mama alimjibu hivyo hivyo kwa upole. Mwalimu, ambaye hakuzaliwa huku, akadhani ameambiwa hakuna.

Kwa sababu watoto hawahesabiwi. Gathoni alilelewa hivyo: ukimhesabu mtoto, umemwonyesha kwa kifo. Na miaka ile ya hali ya hatari chini ya mkoloni, walipofungiwa kijijini ndani ya handaki na miiba, askari waliwahesabu kila asubuhi langoni. Watoto aliokuwa nao hesabu ile ilipoanza, na wale aliobaki nao ilipokwisha, hakuwahi kumtajia mtu idadi yao.

"Hilo darasa litakuwa na vitanda?" Kabura akauliza taratibu kutoka pembeni mwa moto.

Kingori akamwambia ndiyo, vitanda vifupi, na madawati mafupi pia.

Gathoni akakiweka chini kikombe cha uji. Miaka yote alikuwa akimwomba Mungu amfungulie mtoto huyu mlango mmoja tu. Mlango ukaja, naye akaufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Barnabas akasema kosa lilikuwa lake. Kingori akatikisa kichwa.

"Ni langu. Mimi nilizaliwa hapa, najua mambo yetu. Niliacha karatasi zije badala yangu kwa kuogopa matope."

"Hakuna aliyetuuliza majina yao," Gathoni akasema. "Jina hutajwa. Hata kanisani hutajwa."

Mbunge akatoa daftari mfukoni. Lakini hakuandika. Akasema angeyasoma majina hayo Bungeni Jumatano, redio ingeyatangaza, na wapo watakaosema Gathoni amemwanika mjukuu wake. Gathoni akamgeukia Kabura, maana jina lilikuwa lake.

"Wakisikia watajua nipo," mtoto akasema.

Basi Gathoni akaanza. Kabura wa Wachuka, kwa jina la mama yake. Jina la mtoto wa seremala wa kinuni, yule asiyeona, anayemtambua kila mtu kwa kikohozi chake. Jina la binti mdogo wa fundi cherehani, yule asiyesema. Barnabas akalichukua daftari ayaandike, na kwa mazoea ya ualimu akatia moja, mbili, tatu kando ya majina. Kingori akamshika mkono.

"Futa hiyo, mwalimu," Gathoni akasema. "Wacha wahesabu wenyewe huko Nairobi. Dhambi iwe yao."

Wakacheka, hata Barnabas. Kisha Gathoni akajitanda shuka, akawatangulia kwa majirani. Barnabas alimwomba Kabura ruhusa kabla ya kumbeba mgongoni, jambo ambalo Gathoni hakuwahi kuona mtu akilifanya. Kila mlangoni Gathoni ndiye aliyeeleza, na akina mama walionyamaza mbele ya fomu wakataja majina, mmoja mmoja, wengine wakimleta mtoto mwenyewe nje kwenye jua. Kufikia adhuhuri kurasa zilikuwa zimejaa pande zote mbili.

Vijana walisukuma gari likatoka matopeni. Gathoni akauliza kama sasa darasa litafunguliwa. Kingori akasema hajui. Huenda wakamcheka tena. Gathoni akapenda kwamba hakumdanganya. Akaushika mlango wa gari kabla haujafungwa.

"Wengi hutujia wakitaka kura," akasema. "Wakikubali, njoo utuambie. Wakikataa, njoo pia, wewe mwenyewe, uwaambie akina mama hawa. Uje tena, wa Ngendo, hata ukiwa na aibu."