Ubeti wa Royce

Mjini Nashville, ukiwa chumbani wimbo unapozaliwa, wewe ni mzazi, hata kama kazi yako ilikuwa kupiga miayo. Mapato mnagawana sawa kwa sawa. Desturi hiyo haijaandikwa popote, lakini atakayeivunja atabaki na gitaa lake mpaka nyuzi zishike kutu, maana hakuna atakayekubali kutunga naye tena.

Ndiyo maana Wynelle Tackett alikuwa amevimba kama andazi. Yeye na mwenzake Emmett walikuwa wametunga wimbo mkali kuliko yote waliyowahi kutunga, na mhusika wake alikuwa Royce, mume wake wa zamani. Siku Wynelle alipomzika mama yake, Royce alikwenda ziwani, na aliporudi akajitetea kwamba samaki walikuwa wanakula chambo. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kiitikio.

Sasa alasiri ile ya kutunga, Royce mwenyewe alipita kuchukua msumeno wake. Akaona mkate wa mahindi mezani, akaketi. Hakusema lolote ila kuomba siagi. Wynelle angeweza kumfukuza, lakini alikuwa anaona raha kumwimbia usoni, na raha hiyo ndiyo iliyomponza. Wimbo ukaisha Royce akiwa palepale, anafuta makombo kwenye ndevu.

"Tuseme hakuwepo," Emmett alimshauri. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nimezeeka katika kazi hii bila kumdhulumu mtu, sitaanza leo kwa sababu ya yule mla mkate."

Basi Royce akawa mtunzi.

Haukupita muda, Cade Maddox, mwimbaji anayejaza viwanja vya mpira, akautaka wimbo. Meneja wake, kijana mmoja nadhifu aitwaye Brent, alikuja sebuleni na sharti moja tu: samaki watoke. Cade anatangaza mashua za uvuvi, na mwenye mashua hataki kusikia wavuvi wakisutwa redioni.

"Aseme mume alikuwa kazini," Brent alisema.

"Angekuwa kazini ningemsamehe," Wynelle akajibu. "Huyo mume wa kazini simjui, na wimbo wake sina."

Emmett alitazama dari. Paa la nyumbani kwake lilikuwa linavuja, na alishachoka kuwa msanii mwenye msimamo na godoro bichi. "Mimi nakubali, dada. Nisamehe."

Kati ya watunzi hao sheria ilikuwa wengi wape. Kura iliyobaki ilikuwa ya Royce. Kwa uaminifu wake mwenyewe Wynelle alikuwa amempa mtu yule kisu cha kuuchinjia wimbo, na nani asiyependa kufuta aibu yake huku akilipwa?

Royce aliitwa, akaja na viatu vya matope. Brent akamweleza, akaongeza kwamba mgao wake ungemtosha kununua mashua mpya, tena yenye kiti cha kuzunguka.

"Kiti cha kuzunguka," Royce alirudia kwa heshima. Akajikuna shingo. "Hapana. Uacheni ulivyo."

"Bwana, unaelewa unachokataa?"

"Naelewa. Lakini katika wimbo wote, mahali nilipofanya kazi mimi ni hapo pa samaki tu."

Brent akachukua kofia yake akaondoka. Emmett akatukana taratibu, kwa adabu za kanisani, akaenda jikoni kutafuta kitu kikali.

Wynelle alitaka kumshukuru yule mtu, na jambo hilo lilimkera. "Wewe unajiaibisha mwenyewe, Royce."

"Tena mmenipendelea." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Samaki hawakula siku ile. Hata ndoana sikuitupa. Nilikaa ndani ya mashua na suti yangu ya mazishi. Yule mama alinipenda, Wynelle, na sikuweza kumwona ndani ya sanduku. Nikaona afadhali unichukie."

Machozi yakamtoka Wynelle kwa hasira. Miaka yote hiyo alikuwa na jambo moja safi la kumchukia mtu huyu, na sasa mwizi huyu amemnyang'anya hata hilo. Lakini mkono wake, usio na haya, ulikuwa umeshakwenda kwenye gitaa.

"Hebu sema tena," alimwambia. "Polepole."