Kanali Katikati ya Mtama

Kanali alitoroka siku ya kwanza ya likizo yangu, kabla sijafungua hata sanduku la bweni. Naomba ieleweke kwamba safari hii sikuhusika.

Kanali alikuwa prikichi wa Bibi Dominga: kasuku mdogo wa kijani, mashavu ya manjano, kiburi cha ofisa mstaafu. Bibi alimwokota akiwa kinda, kiota cha mchwa, ambamo prikichi hutaga, kilipoporomoka mtini, akamlea kwa uji. Sasa alikuwa amejiunga na wenzake wa porini, na wenzake walikuwa shambani kwetu wakila mtama wetu.

Hapa kijijini kwetu Rincon, mtama ukikomaa, watoto hugonga makopo kuwafukuza prikichi mpaka siku ya mavuno. Bibi akapiga marufuku.

"Atakayegonga kopo, nitamgonga yeye! Mkiwafukuza, Kanali wangu ataenda nao."

"Mama," akalia Mjomba Bubui, "majirani watakuja na ngoma kutusaidia kuvuna, wakute mabua?"

"Wavune mabua! Wewe nimekulea miaka arobaini, umewahi kunibusu sikio kama yeye?"

Alfajiri Bibi alisimama shambani na bakuli la matunda ya mpungate, akiita, "Kanali! Kanali, mwanangu!" Kwanza walikuja prikichi watatu. Kufikia Ijumaa akiita tu, linashuka kundi zima.

"Mama, sasa unalisha jeshi."

"Mmoja wao ni yeye."

"Yupi?"

Bibi akawatazama. Wote kijani, wote mashavu ya manjano, wote wakimwangalia kama mama mzazi. Mdomo wake ukatetemeka. Nikaacha kucheka, jambo ambalo walimu wangu wangelipigia kengele.

Mjomba alipoona hivyo, akaenda kuwasihi majirani waje kesho yake, kabla mtama haujaisha.

Wakaja na visu, vikapu, ngoma na gitaa. Wakajipanga bega kwa bega, wakaingia shambani wakiimba na kuyumba pamoja, kushoto, kulia, kama tunavyocheza kila mavuno. Kundi likaruka kwa kelele na kutokomea mlimani. Bibi akajifunika uso kwa aproni.

"Ameenda."

"Bibi," nikasema, "fungua macho."

Juu ya bua moja alibaki prikichi mmoja. Anayumba. Kushoto, kulia, kama aliyelelewa na ngoma zetu. Mpiga ngoma akanyamaza kwa mshangao; ndege akamtukana mpaka ngoma ikarudi.

"Dominga!" akapaza sauti mzee Felis. "Mwanao anacheza kukushinda ulipokuwa kigori!"

"Nyamaza, Felis! Wewe ndiye uliyekuwa unanikanyaga vidole!"

Kanali akatua begani kwa Bibi, akamng'ata sikio. Papo hapo, kutoka kwenye mpungate, prikichi mwingine akaanza kufoka kama mke aliyeachwa sokoni na mizigo. Kanali akajibu kwa unyenyekevu ambao hatujawahi kuuona.

"Kumbe!" Bibi akacheka mpaka machozi. "Mtoto hakutoroka. Alikwenda kuposa! Bubui, ng'oa mlango wa kizimba chake. Mkwe wangu hafungiwi."

Mjomba akatazama vikapu. Viwili tu ndivyo vilivyojaa.

"Na mtama wetu wote ulioliwa, Mama?"

"Ulitaka niozeshe mtoto bila karamu?" akasema Bibi, akachukua kisu, akaingia kwenye mstari akiyumba.