Fundi wa Mabegi Anunua Begi

Kama kuna mtu aliyestahili kujua begi zuri na begi baya, basi ni Fundi Gundi. Jina hilo alipewa na majirani wa kibanda chake, kinyozi wa upande wa kushoto na mama wa mashine ya fotokopi wa upande wa kulia, kwa sababu harufu ya gundi ilimsalimu mtu kabla yeye mwenyewe hajafungua mdomo. Alishona viatu na kubadilisha zipu, lakini riziki yake hasa ilitoka kwenye mabegi ya kuburuta: yaliyong'oka magurudumu, yaliyokwama vyuma vya kushikia, yaliyopasuka ubavuni kama samaki aliyetumbuliwa. Kila mteja aliyeleta begi, kabla ya kutajiwa bei, alipewa kwanza mahubiri.

"Hili umelinunua kwa macho," angesema Fundi Gundi, akiligeuza juu chini. "Gurudumu limeshikwa na kijisumari cha kutundikia kalenda. Ulitegemea nini?"

Mteja alinywea, na fundi akaridhika. Aliyehubiriwa kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, muuza dawa za mifugo aliyepanda ndege kila mara kwa shughuli zake. Begi lake lilikuwa la kitambaa chepesi, jembamba, na Fundi Gundi alilibatiza "bahasha". "Lete bahasha yako niilambe," angemwambia, na shemeji, mtu mpole, alicheka, akalipa, akaenda zake angani.

Sasa ikawa dada yake Fundi Gundi, yule aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa akiishi nchi nyingine kwa miaka mingi na kufua nguo za watu kwa mashine. Macho yake yalianza kuingia ukungu. Madaktari wakasema ni mtoto wa jicho, wakampangia siku ya kufanyiwa upasuaji. Akampigia mdogo wake simu.

"Watanifunika jicho," alisema. "Sitaki kushikwa mkono na mtu nisiyemjua. Tiketi nimeshakukatia, ile ya bei nafuu. Hairuhusu mzigo mkubwa, ni begi la mkononi tu, kilo saba. Tafuta kibegi cha magurudumu cha bei ya kawaida uje."

Fundi Gundi alisikia neno "begi", kifua kikamvimba. Hizo kilo saba ziliingia sikio la kulia zikatokea la kushoto, bila hata kupumzika njiani.

"Si uazime la mdogo wangu?" mkewe akauliza.

"Mimi nipande ndege na bahasha? Watu watasema mganga hajigangi."

"Watu gani hao, baba watoto? Huko juu nani anakujua?"

Fundi Gundi alikuwa tayari anavaa viatu.

Akaenda mtaa wa maduka ya mabegi. Katika duka la kwanza alichuchumaa, akaligeuza begi, akavuta kitambaa cha ndani kikatoka kama ulimi, akaipitisha zipu huku na huku akiwa amelitega sikio kama daktari anayesikiliza mapafu. "Zipu hii haifikishi mwaka," akatangaza. Wateja wawili waliokuwa wakijadili bei ya begi la namna hiyohiyo wakatazamana, wakaondoka.

"Mzee," muuzaji akasema taratibu, "unanunua au unakagua?"

Katika duka la pili aliliweka begi sakafuni akalisukuma kidogo kupima magurudumu. Magurudumu yalikuwa mazuri mno. Begi lilivuka duka, likatoka mlangoni, likashika mteremko wa barabara, na mwisho likaangusha mnara wa ndoo za plastiki za mama mmoja ambaye hakuwa amemkosea mtu. Fundi Gundi alitumia muda mrefu kuzipanga ndoo zile huku mama yule amesimama juu yake akimwonyesha ipi ikae wapi.

Katika duka la tatu mwenye duka alimwona akija, akaanza kuyashusha mabegi kutoka kwenye waya na kuyaficha.

"Wewe ndiye Fundi Gundi?"

"Ndiye mimi."

"Kumbe. Wateja wangu wakitoka kwako hunirudia na maneno. Kijisumari cha kalenda, sijui nini na nini. Nenda kwa wengine, kaka. Mimi nina watoto."

Jioni hiyo alirudi nyumbani mikono mitupu. Na kesho yake. Na kesho kutwa. Ilikuwa kila begi analoliona, yeye haoni begi, anaona kilema chake cha baadaye: hili litachanika hapa, lile litakwama pale. Kumbe kwa miaka yote alikuwa kama daktari aliyezoea wagonjwa tu, hata akikutana na mzima anauliza anaumwa nini. Kinyozi alimwambia kwamba wenzake wakitafuta mchumba hawachukui muda huo. Mkewe yeye alisema kwa ufupi, bila kuinua macho kwenye mboga alizokuwa akizichambua:

"Mchagua nazi hupata koroma."

"Nazi hazina magurudumu," akajibu, na hata yeye aliona kwamba jibu hilo halikuwa na miguu wala magurudumu.

Safari ilipobaki siku moja ndipo alipolipata. Lilikuwa nyuma kabisa katika duka la vitu vya mitumba, kati ya kabati na feni mbovu. Rangi yake kijani kilichokoza, kuta nene, kishikio cha chuma, zipu ya shaba, mshono maradufu, na magurudumu ya mpira mapana kama visahani. Alichuchumaa mbele yake kwa heshima. Alitafuta kilema, hakukiona. Na bei ilikuwa ndogo hata akaona haya kuomba punguzo, ingawa aliomba.

"Chukua tu," muuzaji akasema. "Limekaa hapa siku nyingi. Hakuna anayeliweza."

Fundi Gundi hakuuliza maana ya maneno hayo. Aliyachukua kama sifa. Aliliburuta barabarani likinguruma kama mashine ya kusaga, akapita nalo makusudi mbele ya kinyozi, halafu akarudi akapita tena, kwa kuwa mara ya kwanza kinyozi alikuwa ameinama.

Nyumbani mkewe alijaribu kuliinua, akaliacha.

"Mbona umeshalijaza?"

"Halina kitu."

"Sasa mna nini humo?"

"Mna uimara."

Mkewe alimtazama, akatazama begi, akalifungua. Akampangia mashati, suruali, kitambaa cha zawadi ya wifi yake, na viatu ambavyo Fundi Gundi alimshonea dada yake kwa mkono: vya ngozi laini, visivyo na kamba, ili baada ya upasuaji asiiname. Halafu akatoa mkasi na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ambavyo mumewe alikuwa amevichomeka chini ya mashati.

"Hivi vya nini? Utamshonea rubani viatu?"

Siku ya safari shemeji alikuja na gari kuwapeleka uwanja wa ndege. Alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka safari zake, hata kulala vizuri alikuwa bado. Yeye na dada yake, mke wa fundi, wakabaki mlangoni, Fundi Gundi akaingia kupanga foleni. Alijisikia vizuri. Kila begi alilolitazama mle ndani lilikuwa begi la kuhurumiwa. Alishindwa kujizuia, akamgusa bega binti aliyekuwa mbele yake.

"Samahani, mwanangu. Hilo gurudumu lako la kushoto halifiki mbali."

"Asante, baba," binti akasema kwa adabu. Begi lake likawekwa kwenye mizani, mizani ikasoma kilo sita, akapewa karatasi yake ya kuingilia kwenye ndege.

"Baba, weka begi hapa," mhudumu wa kaunta akasema.

Fundi Gundi akaliinua kwa mikono miwili. Mizani ikaguna. Mhudumu akasoma namba, akasoma tena. "Kilo kumi na moja. Umeruhusiwa saba. Punguza, au tulipeleke chini ya ndege kwa malipo." Akayataja malipo hayo, na Fundi Gundi akaelewa kwamba kwa fedha zile angenunua begi lile, na kabati, na feni mbovu, na chenji ikabaki.

Akavuta begi pembeni. Akavaa shati la pili juu ya la kwanza, na la tatu juu ya la pili. Suruali akaifunga kiunoni. Kiatu kimoja cha dada mfuko wa kulia wa koti, kingine mfuko wa kushoto. Akarudi. Bado. Akatoa kitambaa cha wifi akajizungushia shingoni. Bado. Jasho likamtoka, harufu ya gundi ikaamka, watu wa nyuma wakasogea hatua. Mwishowe begi likabaki tupu kabisa, mdomo wazi, na mizani, bila huruma, ikasoma kilo saba na nusu.

Mhudumu alikuwa mtu mwema. Alishusha sauti asisikike na wengine.

"Baba, ukiondoa begi, mzigo wako uko sawa kabisa."

Fundi Gundi alitamani sakafu ipasuke immeze. Lakini sakafu ile ilikuwa ya vigae vizuri, imejengwa na mafundi wanaojua kazi, na yeye alikuwa mtu wa kuheshimu uimara. Binti wa gurudumu la kushoto alikuwa bado anafunga pochi yake pale pembeni. Alimtazama Fundi Gundi mwenye mashati matatu, akauma mdomo, akaondoka haraka na begi lake.

Akatoka hadi mlangoni. Mkewe alimwona akija vile, amenenepa ghafla, akaelewa yote bila kuambiwa. Shemeji naye hakuuliza. Alikimbia kwenye gari, akafungua buti, akarudi na lile begi lake la kitambaa, akalikung'uta vitu vyake mikononi mwa dada yake.

"Chukua, shemeji. Halifiki hata kilo mbili."

"Sema," Fundi Gundi akamwambia, akivua mashati.

"Niseme nini?"

"Sema lolote. Nimekuhubiria miaka yote hii."

"Utachelewa ndege," shemeji akasema, na akapiga magoti kumsaidia kupanga. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angetukanwa angepona upesi.

Mkewe alilishika begi la kijani kishikio chake. "Usijali, baba watoto. Litatufaa kuzuia mlango ule unaojifunga wenyewe."

Ndani ya ndege alikaa akiwa ameamua kwamba habari hizi atakufa nazo. Lakini dada yake alipompokea, akamkumbatia, akampapasa uso kwa vidole kwa sababu macho hayakumtosha, na kumuuliza tu kama safari ilikuwa njema, akajikuta anasimulia: ndoo, mizani, mashati, suruali kiunoni. Aliyaigiza hata maneno ya mhudumu. Dada alicheka hadi akalazimika kukaa kwenye ngazi za nyumba yake.

"Hata ulipokuwa mdogo," akasema alipopata pumzi, "ulikuwa unaichagua nyama kwenye sahani mpaka wenzako wanaimaliza."

Viatu vilimkaa vizuri. Alivivaa siku ya hospitali. Katika ukumbi mrefu wa kwenda chumba cha upasuaji alimshika mdogo wake mkono kwa nguvu, na hakucheka tena. Fundi Gundi alikaa kwenye kiti cha nje mpaka mlango ulipofunguka, kisha akamrudisha nyumbani akimtajia kila ukingo wa barabara na kila ngazi. Walipomtoa kitambaa cha jicho, dada alimtazama muda mrefu.

"Kumbe umezeeka," akasema.

"Na wewe ulikuwa huoni."

"Nilikuwa sioni, ndiyo maana sikuwa nakuja. Niliogopa viwanja vya ndege, watu wengi, maandishi sisomi. Sasa nitakuja. Jicho la pili likishatengenezwa nakuja kumwona wifi yangu. Twende tukanunue begi."

Wakaingia dukani wawili. Mabegi yalikuwa yamejaa kuanzia mlangoni hadi dari, na Fundi Gundi akaanza kuchuchumaa mbele ya la kwanza.

"Simama," dada akasema.

Akasimama. Dada alinyanyua begi moja kwa mkono mmoja, akaliweka. Akanyanyua la pili, akaliweka. La tatu akalinyanyua mpaka usawa wa bega, akaliburuta hatua chache, akauliza bei, akatoa fedha. Mtu anaweza kuchukua muda mrefu zaidi kununua vitunguu.

"Dada, hata zipu hujaiangalia."

"Zipu ikifa si namjua fundi?"

Walitoka nje, jua lilikuwa kali, na dada aliinua uso akisoma kwa sauti kila bango la barabara ile, kubwa na dogo, kwa fujo ya mtoto aliyejua herufi jana. Fundi Gundi alimfuata nyuma akiburuta begi. Gurudumu moja lilikuwa likilia kidogo. Alilisikiliza, akalijua tatizo lake na jinsi ya kulitibu, akafumba mdomo, na kutembea.