Kumshika Madaha

Kabla hakujapambazuka nilisikia meno yakisagwa nyuma ya ukuta wa chumba changu. Hakuwa panya. Alikuwa Madaha, mbuzi wetu, na mbuzi akisaga meno ujue ana maumivu. Siku ya tatu hiyo hakanyagi mguu wa nyuma, naye ana mimba ya miezi minne. Mwaka jana mimba yake iliharibika, mkwe wangu, mke wa mwanangu, akalia kama aliyefiwa.

Daktari wa mifugo alifika asubuhi, binti mwembamba, mabuti makubwa kuliko yeye. Hata mkoba hajaufungua, mwanangu alishaingia bandani na kumkamata Madaha pembe. Mbuzi akaruka, akajibamiza ukutani.

"Mwachie!" mkewe akapiga kelele. "Unataka atupe mimba tena?"

"Sasa mbuzi anashikwa wapi? Ndevu?"

Daktari hakumcheka wala hakumkemea. "Mwachie kwanza, kaka. Pembe ndizo silaha zake. Ukizishika anajua umekuja kupigana."

Mwanangu akaachia, jasho linamtoka. Daktari akavua koti lake jeupe, akalitundika nje. "Huenda aliwahi kudungwa sindano na mwenye koti kama hili," akasema. Kisha akakaa juu ya ndoo, kimya. Nikadhani amechoka. Kumbe anamngoja mbuzi ashushe pumzi.

"Amemzoea nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Tunalala ukuta mmoja."

Akanielekeza. Ubavu mmoja wa Madaha uegemee ukuta, goti langu likae nyuma ya bega lake upande wa pili, tumbo lisiguswe. Kiganja chini ya taya, kichwa kiinuke kidogo.

"Taya, bibi, si koo. Kooni utamnyima pumzi."

Magoti yangu ya kizee yakalalamika, lakini nikatulia. Moyo wa Madaha ulikuwa unanidunda mguuni.

Daktari akaukunja ule mguu polepole. Madaha akautikisa. Daktari akauachia, akangoja, akauchukua tena. Mara nne! Mimi mwanangu wa kwanza sikumwogesha kwa subira ile. Mwishowe akachomoa mwiba katikati ya kwato, usaha ukafuata. Akaosha, akapaka dawa.

Kisha akaweka kiganja chini ya tumbo. Akauvuta mkono wa mkwe wangu, akauweka palepale.

Mkwe wangu akakunja uso, akasikiliza kwa vidole. Halafu akaangua kicheko huku machozi yanamshuka. "Kamenipiga teke! Mama, kamenipiga teke!"

Mwanangu, aliyekuwa amejibanza mlangoni muda wote, akautwaa mkoba wa daktari bila kuombwa, akambebea mpaka njiani. Nilimsikia akikohoa kwanza, kama afanyavyo akiwa na aibu.

"Dada," akasema, "uje tena. Hata asipougua mtu hapa, wewe uje tu."