Leo Upepo Unakuja Kwetu

Kaka yangu Alet alikuwa mkalimani wa Wamarekani kwenye kituo chao cha mabomu, kule kisiwa cha Bikini, magharibi ya kwetu. Alipokuja kutusalimia nilimbana jikoni.

"Mara ya kwanza walituhamisha kwa meli kabla ya kulipua. Safari hii meli iko wapi?"

"Meli ya nini, dada? Wanapima upepo mchana na usiku. Ukielekea kwenu, wanaahirisha."

"Na wakichoka kuahirisha?"

"Basi nitakupeleka kwao ukawagombeze."

Tulicheka, nikamwamini. Tangu hapo kila mtu kisiwani akiamka alitoka nje kwanza kuusikiliza upepo. Ukitoka mashariki, kama kawaida yake, ulikwenda kwao, wangeweza kulipua, na siku hiyo watoto hawakwenda mbali. Ukitoka magharibi, kwenye mabomu yao, wasingelipua, nasi tulikuwa huru.

Alfajiri ile ulitoka magharibi. Binti yangu Limenwa alitaka kwenda kisiwa cha kaskazini na babu yake kutafuta kaa.

"Wamesema ni wiki hii," babu akanung'unika.

"Nendeni, baba. Leo upepo unakuja kwetu. Hawawezi."

Mtumbwi ulikuwa haujafika mbali kulipopambazuka magharibi. Mwanga ulikuwa mwekundu, kisha mweupe, mpaka nikaona mifupa ya mkono wangu. Baadaye ukaja mngurumo, vikombe vikaanguka.

Nilikimbia ufukweni. Mtumbwi wetu ulikuwa mmoja tu, na wao ndio waliokuwa nao. Nikaita mpaka sauti ikakauka; hawakugeuka.

Miezi ilipita ndipo Alet aliponiambia, akiwa ameinamisha kichwa: "Waliuona upepo umegeuka, dada. Tarehe hawakuigusa."

Mchana wa siku ile ya mwanga, unga mweupe ulianza kudondoka. Watoto waliuchezea. Limenwa akarudi jioni na kikapu cha kaa, nywele nyeupe tupu.

"Mama, nitazame! Nimezeeka kumshinda babu!"

"Njoo hapa. Vua nguo."

"Inawasha, mama."

"Ndiyo maana nakuosha. Tulia."

Nilichota maji ya tangi, nikamsugua kwa sabuni kichwa, shingo, mgongo. Kata baada ya kata.

"Sasa inachoma," akasema.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikainua macho. Bati lote lilikuwa jeupe, na maji ya paa yalishuka kama tui, yakiingia tangini.

Kata ilikuwa bado mkononi mwangu, imejaa.