Utepe Mweusi wa Kitonga

Serikali ilipotoa ruzuku ya kuwafunza watu wa Mwingi kukabili dharura na mashambulizi ya kigaidi, Wavinya alijiandikisha siku ya kwanza. Mumewe Kitonga, dalali wa mbuzi, akamfuata ili asibaki nyumbani peke yake.

Siku ya mazoezi Kitonga alipangiwa kuwa majeruhi. Alilazwa uwanjani juani, kifuani ana kadi iliyoandikwa: hapumui. Kando yake Abubakar, mwenye duka la nguo, alilia kwa sauti huku ameshika paja lililopakwa rangi nyekundu.

Wavinya akaja mbio. Kitonga alimchungulia kwa jicho moja, akamwona akiisoma kadi mara mbili. Walikuwa wamefunzwa kwamba asiyepumua hufungwa utepe mweusi na kuachwa, ili anayevuja damu aokolewe.

"Mama, songa!" mkufunzi akaita.

Wavinya akamfunga utepe. Kisha akafungua leso yake, akamfunika uso asichomwe na jua, ndipo akamkimbilia Abubakar na kumkazia bendeji.

"Umepoteza nusu dakika," mkufunzi akasema.

"Najua. Huyo nimeishi naye miaka thelathini na moja."

Chini ya leso machozi yalimtoka Kitonga, akajikaza asivute kamasi.

Zoezi lilipoisha, Wavinya alikuja kumwinua.

"Kweli ungeniacha?" Kitonga akamuuliza.

"Ningekuacha. Abubakar ana watoto wadogo," alisema akimpangusa vumbi mgongoni. "Lakini sijui ningerudi nyumbani kwa miguu gani."

Kitonga akamshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakaenda kupanga foleni ya chai.