Mabenchi ya Naipingo

Mradi wa Waingereza wa mashamba ya karanga ulipokufa, kanisa la Naipingo lilibaki na watu kumi na wanane. Zamani Jumapili ilijaza watu mpaka barazani: madereva wa trekta, mafundi, wapishi, na wake zao wenye kanga mpya. Wakaondoka kwa malori na kwa treni, wengine Kongwa, wengine makwao. Waliobaki ni wazee waliokwisha maliza kazi zao na hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Wazee hao ndio waliolitunza kanisa. Kila Ijumaa asubuhi Severini, aliyekuwa seremala wa karakana, alikagua milango na madirisha. Marselina, mkunga mstaafu, alifagia na kupaka chokaa pale mvua ilipobambua ukuta. Mzee Shaban alifyeka nyasi. Yeye alikuwa Mwislamu, lakini alisema hawezi kukaa nyumbani na kusikia jembe la wenzake likilia bila yeye. Saa ya swala ya Ijumaa ikikaribia alinawa, akaenda zake msikitini, na mchana akarudi kumalizia.

Mabenchi yalikuwa ya Severini mwenyewe. Aliyatengeneza ishirini na manne, ya mninga, mwaka 1949. Kila Ijumaa aliyafuta moja moja, hata yale ambayo hayakuwa yamekaliwa tangu watu walipoondoka. Upande wa wanawake, kwenye benchi la tatu lenye jicho la mti, kovu la tawi, ukingoni, ndipo alipokuwa akikaa binti yake Kresensia. Mumewe alipata kazi Urambo mwaka 1951, wakahamia huko. Barua zilikuja mbili, kisha basi.

Mwezi wa Juni, 1955, Padre wao, aliyekuwa akiishi Ruangwa, alifika kwa baiskeli akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikunywa maji kwanza, ndipo akasema.

"Ruangwa tumemaliza kanisa. Watu wanakaa chini, wazee na wajawazito. Naomba mabenchi ishirini kutoka kwenu."

Marselina aliweka ndoo ya chokaa chini.

"Na wetu wakirudi, Padre, watakaa wapi?" aliuliza.

"Mama Marselina, mwaka wa nne huu."

"Najua ni mwaka wa nne. Nimeuliza watakaa wapi."

Padre aliangalia viatu vyake. Alisema hatawalazimisha, wafikiri wenyewe, akapanda baiskeli yake.

Ijumaa iliyofuata Severini alikuja na randa, gundi na misumari, akaanza kukaza miguu iliyolegea. Shaban alimkuta amepiga magoti.

"Kumbe umekubali?"

"Ukimpa mtu kitu, umpe kizima," Severini alisema. "Nishikie hapa."

Walifanya kazi wiki tatu. Marselina alisugua mbao kwa mchanga na maji, akakasirika, akasugua tena. Lori lilipokuja, Severini alipanda nyuma na mabenchi yake. Alisema anakwenda kuangalia yasivunjike njiani. Hakuna aliyembishia.

Jumapili, Ruangwa, aliketi upande wa wanaume. Kanisa lilijaa mpaka wengine wakasimama milangoni. Aliimba kidogo tu. Macho yake yalikuwa ng'ambo, yakilitafuta jicho la mti, na alipoliona, pembeni yake alikuwa amekaa mama mmoja kijana, ana mtoto mgongoni, anapeperusha nzi kwa upande wa kanga. Severini alimtazama mpaka Misa ikaisha, naye hakujua hata Padre alihubiri nini.

Watu walipotoka alivuka kwenda kule. Yule mama alikuwa amemshusha mtoto, ananyonyesha.

"Shikamoo, babu. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Hapana." Aliweka kiganja kwenye mbao. "Hapo ulipokaa alikuwa akikaa mwanangu. Kule Naipingo."

"Pole, babu. Alifariki lini?"

"Hakufa. Yuko Urambo."

Alijisikia akilisema neno hilo kwa sauti. Kwa miaka minne hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anamngoja. Yule mama alisogea, akampa nafasi.

"Basi kaa kidogo," alisema. "Hakuna anayetufukuza."

Akakaa upande wa wanawake, mzee mzima, kofia mapajani. Mtoto aliacha titi akamkodolea macho. Severini alimpa kidole, mtoto akakishika kwa nguvu. Walikaa hivyo mpaka mfagiaji akaingia.

Aliporudi Naipingo, Marselina alimngoja mlangoni.

"Baba Kresensia, yametosha?"

"Hayakutosha. Wamejaa sana. Wengine wamesimama."

"Wamesimama!" Marselina alicheka, kisha akageuka akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Ndani palikuwa peupe mno, mabenchi manne tu mbele, na hatua zao zilisikika kama za watu wengi. Shaban alikuwa amebeba mikeka miwili aliyosuka mkewe Mwanaima. Aliitandika nyuma ya mabenchi bila kuambiwa.

"Unadhani watarudi?" Marselina aliuliza.

Severini alikuwa amekwisha ling'oa dirisha la kusini, akikagua bawaba iliyoliwa na kutu.

"Sijui, dada," alisema. "Leo nitamwandikia Kresensia, hata kama hanijibu. Njoo unishikie huku, dirisha zito hili."

Marselina aliweka ufagio chini, akaja.